Mfuko Ulioniomba Nikushonee

Wadi Kabir, Maskati
Shaaban 1389

Mwanangu Khalfan,

Nakuandikia nawe umelala hapo karibu na mlango, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka, vilevile ulivyokuwa ukilala ulipokuwa mtoto kwetu Malindi ya Unguja. Ningeweza kukuamsha nikakwambia haya kwa mdomo. Lakini nakujua, ungesema "Haya mama, nimesikia," na kabla sijafika katikati ungekuwa umeshageukia ukutani. Na mimi najijua pia. Nikianza kusema nitalia, nikilia utanuna, na sitaki lori likuchukue asubuhi ukiwa umenuna. Kwa hiyo nimepandisha utambi wa kandili, nimechukua karatasi.

Ya kula, ya kuoga na ya kusali kwa wakati sitakuandikia. Ikiwa hayajakuingia miaka yote hii niliyopiga kelele, karatasi haitayaingiza. Nataka kukuandikia habari ya kile ulichoniletea juzi.

Ulikuja alasiri nimekaa kwenye cherehani. Ukaniwekea mbele yangu kanzu yako mpya, na juu ya kanzu ukaweka bastola ya marehemu baba yako. Nilishtuka. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayejua ilipo, nyuma ya droo ya vibiringo vya uzi, ndani ya soksi kuukuu. Kumbe mtoto aliyelelewa chini ya cherehani anaijua cherehani kuliko mwenyewe.

"Mama," ukaniambia, "nishonee mfuko kama wa baba. Ule wa ndani, usioonekana."

"Wa nini?"

"Nnakwenda kwa watu nisiowajua."

"Unakwenda kwa ami yako, ndugu wa baba'ko."

"Hata uso wake siukumbuki, mama. Na wote kule wana mabunduki, na mimi nikifungua mdomo tu wananicheka Kiarabu changu. Nnataka niwe na kitu changu."

Nilikwambia acha kanzu hapo, nikaendelea kushona suruali ya mtu. Tangu juzi unanitazama mikono, unadhani sikuoni. Sasa nimemaliza kazi yako, kanzu nimeikunja iko juu ya sanduku. Lakini usiivae kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho, maana bastola hiyo unayoitaka niliichagua mimi.

Ndiyo, mimi. Si baba yako. Yeye alikuwa mwalimu, alijua kuchagua kalamu na tikiti maji.

Tulipofika hapa tulikuwa watu tulioamshwa usingizini na hatukulala tena. Wewe ulikuwa mdogo na tulikuficha mengi, lakini nadhani unakumbuka jinsi mlango wetu wa Unguja ulivyogongwa, na jinsi tulivyoondoka na vitu vya kubeba mkononi tu. Baba yako hakuwa na hata fimbo usiku ule. Alisimama mbele ya watu wenye silaha akiwa na shuka kiunoni na miwani usoni, akawaambia "Karibuni." Walimcheka. Hawakumfanya kitu, alhamdulillahi, lakini kicheko kile hakikumtoka masikioni. Tukiwa hapa, mbwa akibweka upande wa bonde, namuona amekaa kitako gizani, anasikiliza. Akaniambia, "Zuwena, sitasimama tena mikono mitupu mbele ya mwanangu." Na mimi, kwa mapenzi na kwa hofu yangu mwenyewe, sikumwambia hapana.

Matrah, mji huu wa jirani, alikuwapo mzee mmoja wa Kibaluchi akiuza silaha. Baba yako alitaka bastola ndogo ya kutembea nayo kila siku, isiyoonekana. Mzee akamshangaa. "Hapa kila mwanamume anabeba bunduki begani kama anavyovaa kilemba," akamwambia, "wewe kwa nini utake ya kuficha?" Baba yako akasema ni mambo ya heshima. Kwetu Unguja, muungwana hachomoi chuma mbele za watu. Kitu cha hatari huwekwa mbali na macho, ili usimtie mwenyeji hofu na watoto wasikiguse. Ndivyo alivyolelewa, na mimi ndivyo nilivyolelewa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama nchi hii inaona vivyo hivyo.

Mimi nikatoa shauri ambalo mpaka leo naliona lilikuwa la akili, na matokeo yake ndiyo hayo. Nikamwambia baba yako, "Usinunue dukani. Mwambie mzee alete hapa, tuzijaribu kwenye nguo. Anayejua kitu gani kitaonekana kwenye kanzu ni fundi wa kanzu." Mzee akaja na bastola tatu amezifunga kwenye taulo. Alikaa nje kwenye mkeka, nami nikiwa nyuma ya pazia, baba yako akiingia na kutoka kama bwana harusi anayepimwa.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, mtutu mrefu, ya askari. Nilimtilia mfukoni, kanzu ikavutika upande mmoja mpaka ukosi ukamkaba. Akipiga hatua, chuma kinampiga paja. Nikamwambia, "Hii hata kipofu ataiona." Ya pili ilikuwa ndogo kama kitu cha kuchezea, inaingia kwenye kiganja, wala kanzu haikutikisika. Nikaipenda. Lakini kidole cha baba yako hakikuenea vizuri kwenye kifyatulio, na kifyatulio chenyewe kilikuwa kigumu, ukivuta mkono mzima unatetemeka. Mzee mwenyewe akacheka kule nje. Akasema, "Hiyo, bibi, haitamzuia mtu, itamtia hasira tu." Nikampenda kwa kusema kweli katika biashara yake.

Ya tatu ndiyo hii. Mtutu mfupi, risasi tano katika gurudumu lake, kitako kidogo cha mti kilicholika na mikono ya watu. Haikuwa nyepesi wala nzito. Nikamtilia, nikamwambia simama, kaa, panda ngazi, chukua kitu chini. Nikamwambia rukuu, sujudu. Aliposujudu ilimchoma ubavuni akasema "Uwi!" na mzee nje akauliza kuna nini. Tulicheka, Khalfan. Tulicheka mimi na baba yako nyuma ya pazia mpaka nikakaa chini, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tuingie nchi hii. Kwa ajili ya kicheko kile nimeshindwa kuichukia bastola hii mpaka leo.

Kisha nikaingia kazini. Poplini ya kanzu haiwezi kubeba chuma, itachanika. Nikashona mfuko wa marikani, mishono miwili, nikaupeleka nyuma kidogo ya nyonga ili akisujudu usimchome. Nikakuta mambo mawili yanasumbua. Kijinyundo cha nyuma, kile kinachoipiga risasi, kilikuwa na ncha iliyokuwa ikikwama kwenye uzi. Na chini ya kitako palikuwa na kipete cha chuma, cha kutilia kamba ya kutundikia, nacho kilikuwa kikichora duara kwenye nguo, kinaonekana kutoka mbali. Baba yako alitaka kuviacha. Mimi nikasema hapana, kazi ikifanywa ifanywe sawasawa. Nikampeleka kwa mfua fedha wa Matrah, yule anayetengeneza majambia, akasaga ile ncha na akakikata kipete. Nikamvisha tena kanzu, nikazunguka nyuma na mbele. Hakikuonekana kitu. Nilijisifu, mwanangu. Nilijiona fundi.

Aliibeba kila siku. Alikwenda nayo bohari alikopata kazi, msikitini na sokoni. Kila wiki nilikuwa nafua doa la mafuta kwenye kanzu, mahali palepale, kwa sabuni na ndimu, na kila wiki linarudi. Usingizi ukamjia kidogo. Mimi nikasema bora hivyo.

Sasa nije kwa ami yako Hamed.

Babu yako alipovuka kwenda Unguja aliacha huko Samail, bara ya Omani, mke na mtoto mmoja, ndiye Hamed. Unguja akaoa, akamzaa baba yako. Ndugu wawili wa baba mmoja, wakaandikiana barua tangu utotoni na hawakuwahi kuonana. Hamed alikuwa akituma tende, baba yako akituma karafuu na vitambaa. Tulipofika hapa tukiwa hatuna mbele wala nyuma, gunia la mchele la kwanza tulilokula lilitoka kwa Hamed. Akatuma na neno, "Njooni nyumbani kwenu." Si kwangu, alisema. Kwenu.

Tulikwenda na lori, siku nzima ya vumbi kupitia Fanja, wewe umetapika mara sijui ngapi kwenye mapaja yangu. Baba yako alikuwa amevaa kanzu yake nzuri. Nilimuuliza asubuhi ile, "Utakwenda nayo?" Akasema, "Njia siijui." Nikasema haya. Nilikagua mfuko, nikautia mshono mmoja zaidi.

Kule nyumba ya kupokelea wanaume wanaiita sabla. Ni chumba kirefu, mkeka na mazulia, na ukutani wamepigilia vyango vya mti. Mgeni akifika, kabla hajakaa, anavua bunduki yake na kuitundika. Hakuna anayemwambia. Ni kama sisi tunavyovua viatu. Bunduki zinakaa ukutani zote pamoja, za wenyeji na za wageni, na chini yake watu wanakunywa kahawa. Maana yake ni kwamba hapa hapana wa kumwogopa mwenziwe. Mwanamume asiye na bunduki anaonyesha mikono, anasema sina, wanamwamini.

Haya sikuyajua. Niliambiwa siku ileile, na niliambiwa wakati bado palikuwa na nafasi, ndiyo maana yananiuma.

Mimi na wewe tulipelekwa ndani kwa wanawake. Mke wa ami yako akanishika mkono, mama mwenye uso mpana na sauti kubwa, Kiarabu chake cha haraka, nami nadaka nusu nusu. Akanieleza habari ya vyango. Akacheka, akasema, "Mume wangu tangu juzi hana akili. Amekwenda mwenyewe kuchagua mti wa mkunazi, ameuchonga, asubuhi amepigilia chango kipya karibu na chake. Cha ndugu yake. Amesema hata akija hana bunduki, atatundika jambia, atatundika hata kilemba, lakini atatundika kitu nyumbani kwa baba yake."

Nilijua baba yako ana nini chini ya kanzu. Wewe ulikuwa hapo umekaa, unakula tende, mkono wako umejaa asali. Ningekuvuta sikio nikakwambia kimbia kwa baba'ko, mwambie kwa Kiswahili, hapana atakayefahamu, mwambie aitoe sasa hivi aitundike. Maneno machache tu. Lakini niliona haya. Nilisema moyoni, huyu mama ataniuliza mtoto anapeleka habari gani, nitamwambia nini, kwamba mume wangu ameingia kwenu na bastola ya siri niliyomshonea mimi? Nikasema labda haitaonekana. Nilikuwa na imani na mshono wangu. Nikanyamaza, nikatabasamu, nikala halua.

Yaliyotokea upande wa pili baba yako alinisimulia baadaye, mara moja tu. Hamed alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akalia mbele za watu. Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alilia. Kisha akamwonyesha chango kipya kwa mkono. Baba yako alijua maana yake, aliona bunduki za wengine zimetundikwa. Lakini angeitundikaje? Kipete hakipo, pa kutilia kamba hapana. Na angeinua kanzu yake mbele ya ukumbi mzima aingize mkono nyuma ya nyonga achomoe chuma? Wangefikiri nini? Akaona aibu. Akafungua mikono akasema, "Sina kitu, ndugu yangu."

Wakakaa. Ikaletwa kahawa. Ukikaa mkao wa kukunja miguu na ukainama kupokea kikombe kwa mkono wa kulia, nyonga inainuka. Mimi nilimpima akisimama, akisujudu na akipanda ngazi. Sikumpima akipokea kahawa. Kitako cha bastola kikagonga sinia ya shaba.

Mimi nilikisikia kutoka ndani. Mlio mmoja, kama wa kengele. Mke wa Hamed akanyamaza katikati ya neno.

Hamed hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda ukutani, akashusha bunduki yake mwenyewe, akarudi, akaiweka taratibu mapajani mwa baba yako. Akamwambia, "Ndugu yangu, ikiwa nyumba ya baba yako inakutisha, hiyo ndogo haitakufaa. Chukua hii."

Baba yako alikuwa na la kusema. Angesema, mimi ni mjinga wa Unguja, kwetu kuficha ndiyo adabu, nisamehe. Nina hakika wangecheka wote, Hamed angekuwa wa kwanza. Lakini Kiarabu cha baba yako kilikuwa cha vitabuni, na aibu ilipompanda kikamkimbia chote. Kilichomjia ni Kiswahili. Akasema, "Samahani kaka. Samahani kaka." Hapana aliyefahamu. Akaiweka bunduki kwenye zulia, akainuka, akatoka. Kikombe cha kahawa kikabaki palepale kimejaa.

Wewe uliniuliza njia nzima kwa nini tumeondoka kabla ya wali. Nilikupiga kofi. Nisamehe kofi lile.

Na hujui hili, au umelisahau. Tulipokuwa tunangoja lori chini ya ukuta wa shamba, alikuja mtumishi wa Hamed na sinia imefunikwa kawa. Wali wote, mbuzi mzima, na ndimu pembeni. Aliiweka chini akaondoka. Baba yako hakugusa. Alisema, "Wametutupia." Mimi pia nilifikiri hivyo, nilikuwa na hasira. Sasa miaka imepita, na nimewapikia watu wengi, niwapendao na nisiowapenda. Mtu uliyekwisha naye humpelekei mbuzi na ndimu pembeni. Ile ndimu naifikiria sana. Kuna mtu alisimama jikoni, na nyumba imechafuka vile, akakumbuka kukata ndimu.

Baba yako hakuibeba tena. Usiku uleule aliitia soksini akaniambia weka nisipoona. Kumbe hofu yake yote aliyoikimbia ilikuwa ndogo mbele ya hii ya kutaka kurudi Samail. Kila Iddi ilipokaribia alikuwa akinipa ile kanzu nzuri niipige pasi. Anasema, safari hii nakwenda. Kisha anakaa. Namwambia nenda, ndugu yako huyo, damu yako. Ananijibu, "Niende nikatundike nini, Zuwena? Mmekata hata pa kutilia kamba." Alikuwa akisema kwa mzaha, na mimi nacheka, kisha nakwenda uani nalia kwenye beseni la nguo. "Mmekata," alisema. Kwa heshima yake hakusema "umekata."

Unajua mwisho wake. Homa ilimshika kwenye joto lile kubwa, siku chache tu. Habari ilifika Samail tumeshamzika. Ndugu wawili wa baba mmoja, na katika maisha yao yote walionana kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, nacho hakikunyweka.

Namtamani baba yako, Khalfan. Nakwambia wazi kwa sababu ni barua na huwezi kunikatiza. Nikipima nguo ya mwanamume yeyote, namtafuta yeye kwenye mabega. Naitamani Unguja pia, lakini Unguja nimezoea kuitamani, imekuwa kama jino bovu. Baba yako sijamzoea. Na kesho nitaanza kukutamani wewe, na sijui hiyo nitaiweka wapi, nyumba yenyewe chumba kimoja.

Sasa sikiliza. Dereva Mubarak alipokuja na ujumbe wa ami yako nilikwambia nusu. Nilikwambia kuwa ami yako amezeeka, kwamba mitende ya sehemu ya baba yako haina mtu wa kuitazama, kwamba anakuomba uje ukae naye ujifunze kazi ya shamba na maji. Hayo ni kweli. Lakini Mubarak aliposhika mlango wa kutokea aligeuka akasema, "Na amesema nikwambie, chango cha ndugu yake Seif hakijatundikwa kitu."

Hakijatundikwa kitu. Miaka yote hii, wageni wangapi wameingia pale, na sabla ikijaa watu huweka bunduki chini wakati chango kipo wazi karibu na cha mwenye nyumba. Nilimwambia Mubarak asante nikafunga mlango. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kwanza nijue nitafanya nini na mikono yangu.

Kwa hiyo mfuko sikukushonea. Kanzu ni nzima, pindua ndani utaona, hakuna mshono wa siri popote. Najua utakasirika. Utasema mama amenipeleka kwa watu wageni mikono mitupu. Sikukupeleka mikono mitupu. Fungua kitambaa cha kijani kilicho chini ya kanzu, bastola imo. Risasi nimezifunga mbali, ukampe ami yako mkononi. Nimeisafisha kwa mafuta ya cherehani. Sasa itazame chini ya kitako.

Jana nilipokwambia nakwenda Matrah kununua vifungo, sikwenda kununua vifungo. Nilikwenda kwa mfua fedha yuleyule. Alinikumbuka kwa sauti yangu nyuma ya buibui. Nikampa bastola, nikamwambia nataka kipete kirudi. Akanicheka. "Bibi, nilikikata mwenyewe kwa amri yako ukisema kinaharibu. Bastola ya mfukoni unaitakia kipete cha nini?" Nikamwambia, "Kuna mahali inatakiwa itundikwe." Akanitazama, akaacha kucheka, akachukua pete moja katika zile za mikanda ya majambia, ya fedha, akaitia. Imekaa vizuri kuliko ya mwanzo. Kamba nimeisuka mimi usiku huu, nyuzi nyekundu na nyeusi, fupi, ya kutosha chango tu.

Ivae nje, begani, juu ya kanzu. Itakuchekesha, bastola ndogo namna ile imening'inia kama kufuli. Vijana wa lorini watakucheka. Waache wacheke. Maadamu wanaume wazima wa nchi hii wanakucheka wakiona ulichobeba, wewe huna cha kuogopa kwao. Na Kiarabu chako kikikukimbia kama kilivyomkimbia baba yako, usitafute maneno. Itundike.

Ukiingia, tafuta chango cha mti wa mkunazi karibu na cha ami yako. Sasa kitakuwa kimeshapauka, si kipya tena. Tundika hapo kabla hujakaa, mbele ya watu wote. Kisha kaa chini yake, ukunje miguu, na kikombe kikija kipokee kwa mkono wa kulia, uiname upendavyo. Hakuna kitakachogonga sinia.

Usitikise kikombe, ishara yao ya kusema umetosheka, baada ya kile cha kwanza, ingawa kahawa yao chungu na najua huipendi. Ngoja wakumiminie cha pili, unywe chote. Hicho ni cha baba yako, alikiacha kimejaa.

Mama yako,
Zuwena